Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Chuo Asichokiona

Tunawarejea wasomaji wetu kwa ahadi tuliyoitoa katika darasa yetu ya hapa Bondeni, ya kuandika maisha ya marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sababu ya ahadi hiyo ni mzozo. Mzee mmoja katika wanadarasa alikuja na mwanawe, kijana aliyekwisha kuhitimu msahafu na kusoma vitabu viwili vitatu vya fikihi, naye sasa ataka kwenda kusomea kazi ya umeme katika chuo cha ufundi. Mzee amekataa. Asema ilimu ni moja tu, na hizo nyingine ni kazi za mikono ambazo zimewaondoa vijana msikitini. Kijana naye alijibu maneno ambayo mtoto hamwambii babake mbele za watu. Wakatutaka tuamue baina yao. Sisi hatukuamua usiku ule. Tuliwakumbusha tu kwamba mashindano haya yalikwisha kushindaniwa Mombasa zaidi ya miaka tisini iliyopita, na aliyeyasimamia hakuwa mtu wa skuli za Kizungu, bali alikuwa kadhi, mwana wa mwanachuoni mkubwa. Ikadhihirika kwamba baba na mwana wote wawili wamelisikia jina la Sheikh Al-Amin kama mtu anavyolisikia jina la mtaa. Khabari yake hawakuijua.

Huenda msomaji wetu wa Mombasa au wa Lamu akatabasamu kwa kuona watu wa Nakuru ndio wanaomsimulia khabari za mjini kwake. Lakini Bondeni si mbali na pwani kama ramani inavyodai. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika hapa Nakuru mwaka 1900, na watu wa pwani wakaifuata kwa biashara, kwa upishi, kwa ufundi na kwa kusomesha Kurani. Basi aliyoyaandika Sheikh kuwaandikia watu wa Mombasa aliwaandikia na watoto wa hao waliopanda gari la moshi.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika kabila ya Mazrui. Wamazrui ndio waliokuwa mabwana wa Mombasa katika karne ya kumi na nane na mwanzo wa karne ya kumi na tisa, hata mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipowaondoa katika utawala. Baadhi yao hawakuiweka chini silaha. Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipigana na masultani wa Unguja na baadaye na Waingereza, mpaka mwaka 1896 akavuka mpaka akajitoa mikononi mwa Wadachi. Wakati huo Al-Amin alikuwa mtoto wa miaka mitano. Lakini nyumba aliyozaliwa yeye ilijulikana zaidi kwa vitabu kuliko kwa bunduki.

Babake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa katika wanavyuoni wakubwa wa Kishafi wa zama zake. Alisoma Makka, akarejea kusomesha na kuandika, na maandishi yake juu ya khitilafu za madhehebu yalimletea uadui kwa wakubwa wa Unguja. Sayyid Barghash akamtia gerezani, na hakutoka ila baada ya kufa Sayyid Barghash mwaka 1888. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa watu husahau kwamba katika pwani yetu mwanachuoni kufungwa kwa ajili ya kalamu yake si jambo lililoletwa na Wazungu. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894. Mwanawe Al-Amin hakupata kumsomea, kwani alikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu. Kwake alipata misingi yote: nahau, fikihi, tafsiri na hadithi. Kisha akawa akienda Unguja kusoma kwa mashekhe wawili ambao katika zama hizo mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki hakuhisabiwa kuwa amesoma mpaka amekaa mbele yao, nao ni Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait, kadhi wa Unguja aliyezaliwa Ngazija, na Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, mwaka 1925.

Hapa tungependa kusimama kidogo, kwa sababu ya baadhi ya vijana wetu. Mashekhe hawa wawili walikuwa watu wa tarika ya Alawiyya, watu wa nyiradi na maulidi. Sheikh Al-Amin, ambaye leo hutajwa kuwa ndiye baba wa harakati ya kurekebisha mambo ya dini katika pwani ya Kenya, alisoma kwao, akawaheshimu, wala kukhitilafiana na watu katika baadhi ya ada hakukumfanya aikate isnadi yake. Yako mambo aliyoyapinga, nayo alisema wazi kwamba ayapinga. Lakini hatukuona kwamba alimtusi aliyemfundisha herufi. Atakaye kumfuata Sheikh katika kupinga bidaa na amfuate na katika hili.

Hakusoma Azhar. Twalisema hili kwa kuwa wengi hudhani fikra zake alizileta kutoka Misri. Fikra zilimfuata yeye hapo Mombasa kwa njia ya posta. Huko Cairo, Sayyid Muhammad Rashid Rida alikuwa akitoa jarida la al-Manar tangu mwaka 1898, akieneza mafundisho ya mwalimu wake Sheikh Muhammad Abduh na ya Sayyid Jamaluddin al-Afghani, na jarida hilo lilikuwa likifika katika bandari zetu pamoja na bidhaa. Sheikh Al-Amin alikuwa katika waliolisoma kwa makini. Aliona kwamba maradhi yanayoelezwa humo, yaani kufuata bila ya kujua, kutengana, na kuiacha ilimu ya dunia mikononi mwa wengine, ndiyo maradhi anayoyaona kila siku akitoka mlangoni kwake.

Na hebu tuitazame Mombasa aliyokuwa akiiona. Waingereza walikuwa wametangaza himaya yao mwaka 1895. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki katika jina kuwa milki ya Sultani wa Unguja, na makadhi wakabaki na hukumu za ndoa, talaka na mirathi. Lakini kazi, biashara na serikali vilikuwa vimehamia katika lugha na hisabu nyingine. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi, ikamtaka kila mwenye shamba au kiwanja athibitishe dai lake kwa maandishi. Waliokuwa na ardhi ya baba na babu bila ya karatasi waliipoteza. Waliopata karatasi, wengi wao waliona mara ya kwanza kwamba ardhi yaweza kugeuka fedha taslimu, wakaiuza kwa Wazungu na kwa Wahindi, na fedha ile ikaishia katika harusi, katika matanga, na katika madeni ya harusi na matanga yaliyopita. Tukisema hivi hatuwadharau wazee wetu. Twasema yaliyokuwa yakisemwa na Sheikh mwenyewe katika gazeti lake, naye aliyasema wakati wahusika wako hai na aonana nao barazani.

Katika jambo la skuli hali ilikuwa mbaya zaidi. Skuli nzuri zilikuwa za wamisheni, na Mwislamu aliogopa kumpeleka mwanawe asije akarudi si Mwislamu. Khofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1912 serikali ilifungua Skuli ya Waarabu mjini Mombasa, na Liwali Ali bin Salim alikuwa mmoja wa walioisaidia. Lakini waliopeleka watoto walikuwa wachache, na malalamiko yalikuwa mengi: kwamba Kurani haisomeshwi ipasavyo, kwamba Kiarabu kimepuuzwa. Mzazi akawa baina ya mambo mawili. Ampeleke mtoto chuoni peke yake, naye atakua mcha Mungu asiyejua kusoma risiti anayotiwa mkononi. Au ampeleke skuli peke yake, naye atajua risiti na asijue kumsalia babake atakapokufa.

Sisi Waswahili neno chuo twalitumia kwa mahali anapofundishiwa mtoto alif na be, na neno hilo hilo twalitumia leo kwa mahali anapofundishwa mtu mzima uhandisi. Lugha yetu haikuvitenga vitu hivi viwili. Tulivitenga wenyewe.

Sheikh alikuwa akisomesha, na darasa zake zilikuwa na watu. Lakini aliona kwamba anayehudhuria darasa ni yule ambaye amekwisha kuamka, na aliyelala hafiki. Basi mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi iliyoitwa al-Sahifa. Ilikuwa karatasi ndogo, ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ikienda kwa watu kila juma. Mwaka 1932 ikafuatiwa na gazeti khasa, al-Islah, lililokuwa na sehemu ya Kiswahili na sehemu ya Kiarabu. Kabla ya hapo Waislamu wa pwani ya Kenya hawakuwa na gazeti lao la namna hii.

Ni vizuri kuifikiri hiyo kazi kama ilivyokuwa. Mwanachuoni wa daraja yake, ambaye angeweza kuandika kwa Kiarabu na kusomwa na wenziwe kumi akasifiwa, aliamua kuandika kwa lugha ya sokoni na ya jikoni, ili mchukuzi wa bandarini asomewe na mwanawe akafahamu. Wako walioona kwamba huko ni kuishusha ilimu. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo kubwa kabisa alilolifanya, kubwa kuliko ukadhi wake wote.

Na aliyoyaandika hayakuwa mawaidha matupu. Aliwakemea Waislamu kwa kuwaiga Wazungu katika mavazi, ngoma, ulevi na mambo ya anasa, huku wakikataa kuwaiga katika yale yaliyowapa nguvu, nayo ni ilimu, kazi, kutimiza ahadi na kushirikiana katika mali. Alilia juu ya ardhi inayouzwa. Alihisabu gharama za harusi. Alitaka skuli zifundishe dini kwa dhati, na alitaka wenye vyuo nao wazitengeneze njia zao za kufundisha. Alitaka watoto wa kike wafundishwe, jambo ambalo lilikuwa zito wakati ule kuliko tunavyoweza kudhani. Alichukizwa na mafarakano ya makabila. Tangu mwaka 1927 Waarabu na watu wa Thenashara Taifa walikuwa wamegawanyika kwa ajili ya haki ya kupiga kura, kila upande na jumuiya yake, hali wote wasali katika safu moja. Yeye alikuwa Mwarabu, tena wa kabila kubwa, na hakuwaachilia Waarabu wenziwe. Wao ndio aliowasema kwa ukali zaidi, kwani ndio waliokuwa na mali na nafasi wakavichezea.

Bila shaka alipata maadui. Wako waliomwita Wahabi, na neno hilo lilikuwa likitumiwa wakati ule kama linavyotumiwa sasa, yaani na mtu asiyetaka kujibu hoja. Wako pia walioshikwa na haya kwa kuwa waliyoyasoma yalikuwa ni yao. Lakini hata waliomkhalifu hawakuweza kusema kwamba hakusoma, na hilo lilimhifadhi.

Gazeti halikudumu. Al-Islah lilikaa kiasi cha mwaka mmoja likakoma. Mwaka huo huo wa 1932 Sheikh alishika ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichobaki nacho mpaka kufa kwake. Watu wameulizana kama ilikuwa kheri mtu mwenye ulimi kama ule kuingia katika kazi ya serikali ya kikoloni. Sisi twaona swali hilo ni la haki, wala si kumkosea adabu Sheikh kuliuliza. Kadhi hawezi kuandika kila analoweza kuandika mtu wa barazani. Kwa upande mwingine, lau kiti kile angekikalia asiyekuwa na ilimu, mwanamke aliyenyimwa mirathi yake asingefaidika na gazeti kwa kuwa lina maneno makali. Sheikh alichagua, na mwandishi wa makala haya angependa lau gazeti lingepata mtu mwingine wa kulishika. Halikupata. Hapo ndipo penye aibu, na aibu hiyo ni ya mji, si yake.

Kalamu hakuiweka chini. Aliwaandikia watoto Hidayatul Atfal, ambacho kilisomeshwa katika vyuo vingi. Aliandika tarehe ya Wamazrui kwa Kiarabu, kitabu kilichotolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Makala ya gazeti yalikusanywa yakatolewa mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi, na kwa hivyo yaliyokuwa ya karatasi za juma moja yakapata umri wa kitabu. Tena alianza kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Wakati huo tafsiri iliyokuwako ni ya Padri Godfrey Dale wa Unguja, iliyochapwa mwaka 1923, na Makadiani nao walikuwa wamekwisha kuingia nchini, na tafsiri yao ikaja kutoka mwaka 1953. Sheikh hakuruzukiwa kuikamilisha yake. Sehemu alizoziacha zilitolewa baadaye kwa juhudi ya mwanafunzi wake, na tafsiri kamili ya wanavyuoni wa Kisunni haikutoka mpaka mwaka 1969, nayo ni ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy.

Alifariki mwaka 1947, na umri wake ni miaka hamsini na sita.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tuipe makala haya anwani tuliyoipa. Katika miaka ya mwisho ya uhai wake palikuwa na harakati mpya. Mwaka 1945, mjini Mombasa, iliundwa East African Muslim Welfare Society kwa msukumo wa Aga Khan, na jumuiya hiyo ikajenga misikiti na skuli katika nchi zote tatu za Afrika ya Mashariki. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alikuwa na rai kwamba Waislamu wa pwani wameachwa nyuma na kwamba wanahitaji mahali pao pa kufundishwa ufundi. Mwaka 1948, mwaka mmoja baada ya kufa Sheikh, likaamuliwa jambo la kuanzisha chuo cha ufundi cha Waislamu mjini Mombasa. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, na watu walilikata wakakiita MIOME. Fedha zilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Unguja Sayyid Khalifa bin Harub, kwa jamaa ya Mabohora, na kwa serikali ya Kiingereza. Na katika watu wa Mombasa wenyewe alijitokeza tajiri mmoja wa Kiarabu, Sheikh Khamis bin Muhammad bin Juma. Majengo yakasimama Tudor, na mwaka 1951 wanafunzi wakaingia kujifunza kazi za mitambo, umeme, mbao na bahari. Walitoka Kenya, Unguja, Tanganyika na kwingineko.

Wako katika sisi walionong'ona, na hata leo bado wapo, kuhusu madhehebu ya waliotoa zile fedha. Twawauliza neno moja tu. Ardhi iliyouzwa baada ya mwaka 1908, lau sehemu yake moja katika kumi ingewekwa wakfu kwa ajili ya skuli, je, palikuwa na haja ya kumngoja Aga Khan au Gavana? Sheikh alikuwa amewaambia watu wa Mombasa hivyo tangu mwaka 1932, wakalisoma gazeti, wakalikunja. Chuo kilipokuja, kilikuja kwa mkono wa watu wengine. Na kitu kilichojengwa na watu wengine, wewe huna neno la mwisho juu yake. Mwaka 1966 kilifunguliwa kwa Wakenya wote wa kila dini kikaitwa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha chuo kikuu. Na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Hatusemi kwamba kufunguliwa kwa wote lilikuwa kosa. Nchi ilikuwa imekwisha kupata uhuru wake, na serikali isingeweza kuendesha chuo cha umma ikawafungia mlango watoto wa wananchi wengine. Twasema tu kwamba Waislamu wa pwani walipewa kitu, kisha kikawa cha watu wote, na mpaka leo hawajajenga chao cha kulingana nacho. Bila ya shaka watoto wao wako mle pia, pamoja na watoto wa bara. Kijana wetu wa Bondeni akienda huko hatakuwa mgeni.

Lakini katika khabari ya chuo hiki kuna jambo moja ambalo lau lingekuwa la kutunga tusingelikubali.

Sheikh Al-Amin aliacha mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne, jina lake Ali, aliyezaliwa mwaka 1933. Nia ya Sheikh juu ya mtoto huyu ilikuwa asome Azhar awe mwanachuoni wa sharia kama baba na babu. Basi mzee wetu wa darasa na afurahi: huyu aliyeipigania ilimu ya dunia kwa miaka yote hiyo, kwa mwanawe mwenyewe aliomba Azhar. Wala hapana mgongano. Alitaka umma uwe na mafundi na matabibu, na alitaka pia nyumba yake isikatike ilimu ya dini, na baba anayo haki ya kutamani.

Mauti yalimtangulia. Ali hakwenda Misri. Alisoma skuli mjini Mombasa, na mtihani wake wa mwisho haukuwa mzuri hata wa kumpeleka Makerere. Akatafuta kazi, na kazi aliyoipata ilikuwa ya ukarani katika chuo hicho cha MIOME. Yaani mwana wa Kadhi Mkuu akawa karani katika chuo ambacho babake alikiomba kwa kalamu na hakujaaliwa kukiona. Ikasomwa maulidi hapo chuoni, Gavana Mitchell akahudhuria, na yule karani kijana akasimama akahutubia juu ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Gavana akapendezwa, na kutokana na siku ile Ali akafunguliwa njia ya masomo. Mwaka 1955 akapelekwa Huddersfield, Uingereza, kukamilisha masomo ya sekondari. Mwaka 1960 akapata shahada yake ya kwanza Manchester, mwaka uliofuata ya pili Columbia, New York, na mwaka 1966 ya udaktari Oxford. Huyu ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyesomesha Makerere mpaka mambo ya Idi Amin yakamtoa, kisha akasomesha Marekani kwa miaka mingi. Kazi yake iliyojulikana zaidi, filamu za televisheni za mwaka 1986, zilisema kwamba Mwafrika amerithi mambo matatu: ya asili yake, ya Uislamu na ya Magharibi. Hatukukubaliana naye katika kila alilolisema, wala babake, twadhani, asingekubaliana naye katika yote. Lakini aliyezisoma kurasa za al-Islah hatakosa kuona swali hilo lilianzia wapi.

Ajabu ni kwamba mlango wake ulifunguliwa na hotuba ya maulidi, tena ndani ya chuo cha ufundi. Tuliposimulia haya barazani, baba na mwana waliotajwa mwanzo kila mmoja alidai kwamba kisa hiki chamtetea yeye.

Ama ilimu ya dini haikukatika nyumbani mle. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi wake Sheikh Al-Amin, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1963 hata 1968, akafuatwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekaa mpaka mwanzo wa miaka ya themanini. Wote wawili walifariki mwaka 1982. Mwaka 1972 Sheikh Muhammad Kasim alianzisha gazeti la Sauti ya Haki, akaishika kazi mahali ilipokuwa imeangushwa miaka arubaini nyuma.

Profesa Ali alifia Marekani mwezi wa Oktoba mwaka 2014. Alikuwa ameishi ughaibuni zaidi ya nusu ya umri wake. Jeneza lake lilirejeshwa Mombasa, akasaliwa, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, karibu na Ngome.

Katika toleo lijalo, Inshallah, tutaandika khabari za Sheikh Muhammad Kasim.